Tabibu Aulize Habari za Chungu

Katika nchi ya Soitsambu, tarafani Loliondo, wilaya ya Ngorongoro, mahali pasipokuwa mbali na mbuga za Serengeti wala na mpaka wa Kenya, tabibu anayemkataza mgonjwa mafuta hukabiliwa na hujja moja ambayo si rahisi kuijibu: kwamba mababu walikula nyama iliyonona, wakanywa maziwa asubuhi na jioni, wakazeeka vizuri, na wasijue kiharusi wala moyo unaosimama ghafula mtu akiwa njiani kwenda mnadani. Hujja hii husemwa kwa fahari, na msemaji wake siku hizi aghalabu huwa na bahasha ndogo ya vidonge mfukoni, aliyopewa baada ya damu yake kupimwa na kuonekana ina kolesteroli nyingi kupita kiasi. Kwa nini basi, huuliza, nimeze kidonge na papo hapo niache samli? Naona swali hilo lastahili jibu la insafu, kwa kuwa wenye kuliuliza wamepunjwa mara mbili: hawakusimuliwa habari za mababu zao kwa ukamilifu, wala hawakuelezwa kidonge chenyewe kinafanya kazi gani mwilini.

Tuanze na mababu. Mwaka 1964 George Mann, tabibu wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt nchini Marekani, pamoja na wenzake, walichapisha habari za uchunguzi walioufanya Tanganyika juu ya wanaume 400 wa Kimasai, ambao chakula chao kilikuwa nyama na maziwa karibu peke yake. Na wakabainisha kuwa kolesteroli katika damu ya watu wale ilikuwa ya chini, na dalili za maradhi ya mishipa ya moyo karibu hazikuonekana. Habari hizo ziliwashangaza matabibu wa Ulaya na Marekani, ambao zama zile walikuwa wamekwisha kuamini kuwa mafuta ya mnyama na maradhi ya moyo haviachani, na tangu siku ile jina la Mmasai limekuwa likitajwa kila penye majadiliano ya samli na siagi, hata na watu ambao hawajapata kumwona Mmasai akila.

Walakini wenye kumtaja Mann aghalabu huishia nusu ya hadithi. Mwaka 1972 bwana huyo huyo alitoa matokeo ya kuchunguza mioyo na mishipa mikuu ya wanaume 50 wa Kimasai waliokwisha kufariki, na alichokikuta ni kuwa kuta za mishipa yao zilikuwa zimenenepa kwa mafuta, kadiri ile ile ya wazee wa Kimarekani. Tofauti ilikuwa kwamba mishipa ya Mmasai ilizidi kupanuka kadiri umri ulivyoendelea, hata damu ikaendelea kupata njia pana juu ya uchafu uliokwisha kujipaka ukutani. Kwa hiyo ile kauli ya kuwa mafuta hayakuwagusa wazee haikuwa sahihi. Yaliwagusa, ila mwili wao ulikuwa na namna ya kuyastahimili, na namna hiyo ilikuwa na sababu zake.

Sababu mojawapo ni miguu. Julia Mbalilaki, Mtanzania, pamoja na wenzake, walilinganisha Wamasai na Wabantu wa vijijini na wa mjini katika nchi hii hii yetu, na katika maandiko yao yaliyotoka mwaka 2008 wakaonyesha kuwa nguvu aliyoitumia Mmasai kila siku, juu ya ile inayohitajiwa na mwili uliotulia, ilikuwa sawa na ya mtu anayetembea yapata kilomita 19, ilhali mtu wa mjini alitumia karibu theluthi moja tu ya hiyo. Sababu ya pili ni maziwa yenyewe, ambayo hayakunywewa mabichi tu, bali yaliwekwa kibuyuni yakalala hata yakawa mtindi. Na mwaka 1974 Mann, pamoja na Anne Spoerry, yule daktari wa kike aliyekuwa akirusha ndege yake mwenyewe kuwafikia wagonjwa wa Kenya, walieleza jinsi kolesteroli ya wanaume wa Kimasai ilivyoshuka walipokunywa mtindi kwa wingi, hata pale uzito wa miili yao ulipoongezeka.

Sababu ya tatu imo chunguni, nayo ndiyo iliyo karibu zaidi na watu wa Soitsambu. Asiyepata kuiona supu ya Kimasai ikipikwa huweza kudhani ni mchuzi wa mifupa tu. Lakini aliyekaa karibu na moto huo ameona magome ya olkiloriti au ya olmukutan yakitiwa majini mpaka maji yakageuka rangi, kisha mifupa na nyama na mafuta vikachanganywa humo, na mpekecho ukazungushwa kwa viganja viwili hata povu likapanda na mafuta yakapotea machoni, yakawa kitu kimoja na supu, chungu kidogo ulimini na nzito kooni. Povu hilo lina maana yake. Majirani zao Batemi, ambao wengi huwaita Wasonjo, nao hutia mimea katika supu na maziwa, na mwaka 1999 Timothy Johns wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, pamoja na wenzake, walichapisha uchunguzi wa mimea hiyo ya Batemi wa wilaya ya Ngorongoro, wakaonyesha kuwa mingi ina saponini, yaani ile dawa ya asili inayotoa povu kama la sabuni, ambayo husifika kwa kuishika kolesteroli utumboni isipate kuingia damuni. Wazee, basi, walikula mafuta pamoja na kizuizi chake.

Sasa tazama mlo wa leo. Mwendo wa miguu umechukuliwa na bodaboda. Mtindi unashindana na soda. Chai imejaa sukari. Ugali umekuwa chakula cha kila siku. Mafuta ya kupima yanauzwa kwa kijiko cha kuchotea kutoka katika dumu, na yale yale yaliyokaangia maandazi asubuhi hukaangia chipsi jioni. Nyama ingali ipo, alhamdulillahi, lakini aghalabu huliwa ikiwa choma, bila gome lolote la mti. Kilichobaki cha mababu ni mafuta. Mengine yote yaliyofuatana nayo yameondoka. Kumwambia tabibu wa leo kwamba wazee walikula hivi ni kumdai deni ambalo nusu yake haikuandikwa.

Ndipo kikaja kidonge. Dawa za kundi la statini zilianzia Ujapani, ambako mwaka 1973 Akira Endo alipata, katika ukungu wa kijani uliomea juu ya mchele wa duka moja la nafaka mjini Kyoto, kitu kinachozuia kimeng'enya ambacho ini hukitumia kutengeneza kolesteroli. Mwaka 1987 lovastatini, dawa ya kwanza ya ukoo huo kuuzwa, iliruhusiwa Marekani, na mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani liliitia simvastatini, ya ukoo huo huo, katika orodha yake ya dawa muhimu. Kazi ya dawa hizi ni hii: sehemu kubwa ya kolesteroli hatuipati kwenye sahani, ni ini linaloitengeneza, kidonge kinapolizuia ini lisitengeneze, ini huona upungufu, nalo huongeza milango yake ya kuivutia ndani kolesteroli mbaya iliyo damuni, na ugunduzi wa milango hiyo ndio uliowapa Michael Brown na Joseph Goldstein Tuzo ya Nobel mwaka 1985. Lakini mafuta yanayoganda, kama samli, shahamu na mawese yaliyokolea, hufanya kinyume chake, kwani yakizidi mwilini milango hiyo hupungua. Mgonjwa anayemeza kidonge usiku baada ya kula shahamu mchana kutwa anafungua kwa mkono mmoja na kufunga kwa mkono wa pili, na gharama ya mikono yote miwili hutoka katika mfuko wake.

Watu wengine husema, dawa si ipo, basi tule. Si wa Ngorongoro peke yao. Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2014, uliolinganisha miaka ya 1999 na 2000 na ile ya 2009 na 2010, ulionyesha kuwa watu waliotumia statini walikuwa wamezidisha chakula chao kwa karibu 10 kwa 100 na mafuta kwa zaidi ya 14 kwa 100, ilhali wasiozitumia hawakubadilika hivyo. Kidonge kiligeuka ruhusa. Na mtu wa namna hiyo, damu yake ikikataa kushuka, huenda akamsihi tabibu amwongezee dozi, asijue kwamba sheria ya dawa hizi ni ya bahili: dozi ikiongezwa maradufu, kolesteroli mbaya hushuka kwa takriban 6 tu zaidi kwa kila 100, na hatari ya maumivu ya misuli huzidi. Sita hizo, au zaidi yake, mtu aweza kuzipata kwa kubadili mafuta ya kupikia, bila ya kuongeza hata kidonge kimoja.

Hilo si neno la kukisia. Kisiwani Morisi, katika bahari yetu hii ya Hindi, serikali iliamua mwaka 1987 kuwa mafuta ya bei nafuu ya kupikia, ambayo yalikuwa mawese kwa sehemu kubwa, yawe ya soya. Na watu walipopimwa tena mwaka 1992 kolesteroli yao, kwa wastani, ilikuwa imeshuka kutoka milimoli 5.5 kwa lita hadi 4.7, pasipo wananchi kugawiwa vidonge. Katika nchi yetu wenyewe, matabibu wa Italia walikwenda Lugalawa, nchi ya Ludewa, wakawalinganisha wanakijiji wanaokula samaki wa Ziwa Nyasa na wenzao wanaokula mboga na nafaka, na mwaka 1996 wakatangaza kuwa wala samaki walikuwa na kolesteroli ya chini zaidi na shinikizo la damu la chini zaidi. Samaki Soitsambu ni adimu, najua. Sitamwambia mfugaji wa Loliondo ahamie ziwani. Lakini mbaazi na ngwara za wilaya jirani ya Karatu si adimu, wala vitunguu vya Mang'ola, wala shayiri ya nyanda za juu, ambayo kwa masikitiko yangu nyingi yake huishia katika bia.

Nataja nafaka na kunde kwa sababu ipo hesabu ya ajabu. Mwaka 2003 David Jenkins na wenzake wa Toronto, Kanada, waliwachukua watu 46 kwa mwezi mmoja, wakawapa wengine lovastatini na wengine mlo uliokusudiwa hasa, wenye shayiri, soya, lozi, biringanya, na bamia ambazo kila mke wa pwani anajua kuzipika. Na kolesteroli mbaya ikashuka kwa karibu 31 kwa 100 kwa wenye dawa, na karibu 29 kwa 100 kwa wenye mlo. Ni kweli kwamba watu hao walipewa chakula tayari, na mtu akiwa nyumbani kwake, wageni wamekuja na mbuzi amechinjwa, mambo huwa mengine. Wala asidhani mtu aliyekwisha kupata mshtuko wa moyo kwamba bamia zitamtosha aache kidonge. Huyo dawa yake ni lazima, na mlo ni wa kuisaidia.

Fauka ya hayo, chakula kina njia nyingine ya kuingilia dawa, ya siri zaidi. Mwaka 1989 David Bailey wa Kanada, akichunguza dawa ya shinikizo la damu, alitumia maji ya balungi ili kuficha ladha ya kileo katika jaribio lake, akashangaa kuona kiasi cha dawa damuni kimepanda kupita matarajio. Ikabainika kuwa balungi huharibu kimeng'enya kilichomo katika ukuta wa utumbo, ambacho kazi yake ni kuivunja sehemu ya dawa kabla haijaingia mwilini, na kwamba athari ya bilauri moja huweza kuendelea hata siku ya pili. Simvastatini na lovastatini ni miongoni mwa dawa zinazopanda sana kwa sababu hiyo, na atorvastatini hupanda pia, ingawa kwa kiasi kidogo. Pravastatini na rosuvastatini haziguswi. Danzi, lile chungwa chungu la achari, lina tabia hiyo hiyo, lakini chungwa tamu halina. Kwa hiyo mgonjwa anayemeza simvastatini na kunywa sharubati ya balungi kila asubuhi, akidhani anaisaidia siha yake, amejiongezea dozi pasipo kuandikiwa, na huweza kuishia na misuli iliyoumia na figo zilizolemewa. Ni nani aliyemwambia? Katika bahasha ya dawa imeandikwa 1 x 1 usiku, basi. Usiku huo una sababu, kwa kuwa ini hutengeneza kolesteroli zaidi mtu akiwa amelala na simvastatini haidumu sana mwilini, lakini sababu hiyo haikuandikwa, na balungi halikutajwa.

Kahawa nayo ina neno lake. Wenyeji wa Karatu wanaoilima na watu wa pwani wanaoichemsha katika dele huenda hawajui kwamba kahawa iliyochemshwa pamoja na unga wake ina mafuta yake ya asili yanayopandisha kolesteroli, kama ilivyoanza kuonekana katika uchunguzi wa Tromsø, Norwei, uliochapishwa mwaka 1983. Kahawa iliyochujwa kwa karatasi huyaacha mafuta hayo katika chujio. Simkatazi mtu kikombe chake cha barazani. Namwambia tu asinywe buli zima kisha akalaumu kidonge.

Na sasa niseme jambo ambalo kulinyamazia lingekuwa woga. Mwanzoni mwa mwaka 2011 dunia iliijua wilaya ya Ngorongoro kwa kikombe. Marehemu Ambilikile Mwasapile, mchungaji mstaafu wa Kilutheri ambaye nchi nzima ilimwita Babu, aliyefariki Julai 2021, alikuwa akitoa pale Samunge dawa ya mizizi ya mugariga iliyochemshwa, kwa shilingi 500 kikombe, na magari yakapanga foleni ya kilomita nyingi, watu wakitoka pande zote za nchi na nje yake. Sina nia ya kumsema vibaya aliyekwisha kwenda mbele ya haki, wala kuwacheka waliokwenda, maana maradhi humfanya mtu atafute. Ninachokisikitikia ni kwamba miongoni mwao wapo waliorudi makwao wakaacha vidonge vya kisukari na vya virusi vya ukimwi, wakidhani kikombe kimemaliza kazi. Statini nazo haziachwi hivyo hivyo, kwani mtu akiziacha, kolesteroli yake hurudi ilikokuwa katika muda wa majuma machache, na hairudi kwa kelele. Haiumi, haiwashi, haina homa.

Kwa hayo yote rai yangu ni moja, nayo nawaelekezea watu wa afya wa Ngorongoro na Karatu, na wakubwa wao: kabla ya kalamu kuandika jina la dawa, na iulizwe habari ya chungu. Haihitaji mashine wala fedha. Inahitaji adabu na dakika chache, kama hivi, kwa bibi ambaye Wamasai humwita koko:

“Shikamoo, koko.”

“Marahaba, mjukuu wangu.”

“Koko, jana jioni mlipika nini nyumbani?”

“Supu, na ugali kidogo.”

“Supu ya mifupa mitupu, au mlitia mti?”

“Olkiloriti. Kwani ipo supu isiyo na mti?”

“Na mafuta ya juu, mliyaengua?”

“Tuyamwage mafuta, mjukuu wangu? Una akili wewe?”

Katika maneno hayo machache tabibu amekwisha kujua mambo ambayo kipimo cha damu hakiwezi kumwambia: kwamba bibi huyu bado anakula kwa desturi ya wazee, kwamba mti wake usidharauliwe wala usipigwe marufuku, na kwamba shauri la kumpa ni kuengua mafuta supu ikipoa, si kuacha supu. Kwa kijana wa mjini Wasso anayekula chipsi kila siku na kupanda pikipiki hata kwenda dukani shauri lingekuwa jingine kabisa, hata kama namba za kolesteroli zao zingelingana. Anayewapa wote wawili bahasha moja na maneno yale yale ametibu karatasi zao.

Nao wagonjwa wana sehemu yao. Mtu huficha mizizi anayokunywa kwa kuhofia kufokewa na nesi, kisha hulalamika kuwa dawa ya hospitali haimfai. Nesi naye hufoka kwa sababu anaamini mizizi yote ni ushirikina. Ufichaji huu na ufokaji huu vimetugharimu siha nyingi, na lawama kubwa zaidi naiweka juu ya anayefoka, kwa kuwa yeye ndiye aliyesoma.

Basi wewe msomaji uliyeandikiwa dawa ya kolesteroli, utakapokwenda kliniki chukua bahasha zako zote za vidonge, na utaje bila haya kila kinachoingia chunguni na kikombeni mwako: mafuta, gome, mtindi, balungi, kahawa. Uliza jina la dawa yako na kama yapatana na balungi. Usiiache pasipo kumwambia aliyekuandikia. Na misuli ikikuuma pasipo kazi uliyoifanya, au mkojo ukibadilika ukawa na rangi ya chai kavu, nenda hospitali siku ile ile, usingoje tarehe ya kliniki.